Matunda ya soko la barabarani ugenini: angalia kisu, maji na saa

*“Habari Daktari. Mwezi ujao nitasafiri nje ya nchi kwa wiki mbili, nikiwa na mwanangu wa miaka minne na mama yangu wa miaka 68 ambaye humeza omeprazole kila siku kwa sababu ya tumbo. Tutapita kwenye soko kubwa la matunda na mboga kando ya barabara, na wenyeji wetu wanasema tusithubutu kulikosa. Rafiki yangu aliwahi kulazwa baada ya kula matunda ugenini, naye ananiambia tusionje kitu. Ndugu yangu anasema tuloweke kila kitu kwenye siki na chumvi, tumeze kidonge kimoja cha antibiotiki kila asubuhi, na hakuna litakalotupata. Nimsikilize nani? Na je, ninaweza kurudi na maembe machache kwenye begi?”*

Hofu yako ina msingi. Wewe ukiharisha siku mbili utachoka tu, lakini mtoto wa miaka minne na mzee wa miaka 68 hupungukiwa maji haraka, na mtakuwa mbali na hospitali mnayoijua. Hata hivyo nendeni sokoni, na matunda mle, ila mle yale mtakayoyafungua wenyewe. Rafiki yako anawanyima kitu bila sababu ya kutosha. Ndugu yako anawapa kinga isiyokinga, na ushauri wake wa vidonge unaweza kuwadhuru.

Tuanze na rafiki. Mtu akiugua safarini hulaumu chakula cha mwisho alichokula, hasa kikiwa kigeni kwake. Lakini bakteria na virusi wengi wanaoharisha wasafiri huchukua saa 6 hadi 72 kabla ya dalili kuanza, na vimelea kama Giardia huchukua wiki moja au mbili. Kwa hiyo tunda la mchana mara nyingi halihusiki na tumbo lililovurugika jioni yake. Huenda ilikuwa barafu ya juzi, saladi ya hotelini, au mikono yake mwenyewe. Hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani inaweza kuandaa saladi kwa maji yaleyale ya bomba yanayomwagiwa mboga sokoni, na mteja asione lolote. Sokoni angalau unaona kila kinachofanyika.

Sasa tuone ugonjwa unavyoingia. Wahusika wakuu ni bakteria: aina ya E. koli inayotoa sumu, Campylobacter, Shigella na Salmonella. Wanafuatiwa na virusi kama norovirus, kisha vimelea. Karibu wote hutoka kwenye kinyesi cha binadamu au cha mnyama, wakasafiri kwa maji, mikono, nzi au udongo hadi mdomoni. Tunda zima lisilo na jeraha lina ulinzi mzuri, kwa kuwa ganda huzuia wadudu hao kuingia na nyama ya ndani huwa safi au karibu safi. Ganda la nje ndilo limeguswa na udongo, gunia, sakafu ya lori na viganja vya watu wengi.

Kisu kikipita kwenye ganda hilo, hubeba kilichoko nje na kukipaka ndani. Papo hapo tunda linatoa maji na sukari, na wadudu waliokuwa wachache kwenye ganda kavu wanapata chakula, unyevu na joto. Kwenye joto zuri baadhi ya bakteria hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, maana yake mmoja anaweza kufikia zaidi ya 4,000 ndani ya saa nne. Ndiyo maana kanuni ya chakula kinachoharibika ni kutokiacha kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi kwa zaidi ya saa mbili, na kwa zaidi ya saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Sahani ya vipande iliyofunikwa vizuri kwa nailoni, iliyokatwa saa mbili asubuhi ukainunua saa saba mchana, imeshavuka mipaka yote hiyo hata kama nzi hajaigusa. Nailoni huzuia vumbi, haizuii saa.

Matunda hayafanani katika hili. Nanasi, chungwa na ndimu zina ukali unaowapunguza bakteria kasi. Tikiti maji na papai vina ukali mdogo sana, pH yake (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa) ikizidi 5, na humo bakteria hustawi karibu kama kwenye nyama. Tikiti la aina ya kantalupu ndilo baya zaidi, kwa kuwa ganda lake lina mikwaruzo kama wavu inayoshika uchafu usiotoka kirahisi. Mwaka 2011 nchini Marekani kantalupu zilizochafuliwa na bakteria wa Listeria ziliwaletea ugonjwa watu 147, na 33 kati yao walifariki. Nawaomba kabisa msinunue vipande vya tikiti wala papai vilivyokwisha kukatwa, hata vikiwa juu ya barafu. Barafu haiui bakteria, na ikiyeyuka maji yake huingia kwenye vipande. Ndimu na pilipili vinavyonyunyiziwa juu huongeza ladha tu, si dawa ya kutegemea.

Jambo la pili ni maji, na wasafiri wengi hawalifikirii. Wauzaji humwagia mboga maji zisinyauke, na wengine huzamisha matunda kwenye ndoo ya maji baridi ili yavutie. Tunda lililokuwa juani lina hewa yenye joto ndani yake. Ukilizamisha ghafla kwenye maji yaliyo baridi kuliko lenyewe, hewa ile husinyaa na maji huvutwa ndani kupitia kovu la kikonyo na nyufa ndogo, pamoja na kila kilichomo. Mwaka 1999 maembe yalisababisha mlipuko wa Salmonella nchini Marekani. Yalikuwa yamechovywa kwenye maji ya moto kuua nzi wa matunda, kisha yakapozwa kwenye maji baridi, na wachunguzi walinyooshea kidole hatua hiyo ya kupoza. Wadudu wakiingia kwa njia hiyo, hakuna kuosha kutakakowatoa. Chagueni tunda kavu lililopangwa mezani au kwenye mkeka, mliache lile linaloelea ndooni. Na ninyi mkiosha, tumieni maji yenye uvuguvugu kidogo kuliko tunda, au liacheni kwanza lipoe kivulini.

Sokoni fikeni asubuhi. Mzigo ni mpya, jua halijachoma, na muuzaji ana nafasi ya kuwaruhusu mchague. Shikeni tunda zito kwa ukubwa wake, kikonyo kiwe kimeziba, ganda lisiwe na ufa, doa laini wala mchubuko. Pitisheni kidole taratibu: tundu dogo kama la sindano lenye duara laini kuzunguka ni alama ya nzi wa matunda, na ndani mtakuta funza. Funza huyo hatawaletea ugonjwa, lakini tundu lake limefungua mlango kwa wadudu wengine. Msikubali punguzo la tunda lililopasuka kwa mpango wa kukata sehemu mbovu. Kwenye tunda laini uozo huwa umesambaa kuliko macho yanavyoona.

Muuzaji akikukatia kipande uonje, unaweza kukataa bila kumvunjia heshima. Tabasamu, weka mkono kifuani, kisha onyesha tunda zima unalotaka na ulilipie. Anayeuza anafurahia mnunuzi kuliko muonjaji. Mtoto ndiye wa kuangaliwa, maana watu humpenda na kumpa kipande mkononi kabla hujageuka. Mwambieni mapema kwamba kila anachopewa anampa kwanza mama au bibi. Mkimaliza kulipa, pakeni mikononi dawa yenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi, kwa sababu noti na sarafu zimepita kwingi. Dawa hiyo haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye tope, na norovirus huistahimili, kwa hiyo kabla ya kula tafuteni maji na sabuni, msugue kwa sekunde 20.

Mboga za majani na mizizi wekeni mfuko mmoja, matunda ya kula mabichi mfuko mwingine. Nyama au samaki wakiwa kwenye ratiba yenu ya siku hiyo, nunueni mwisho na wakae mbali na vyote hivyo.

Mkifika mnapolala, kazi huchukua dakika kumi. Osheni mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Beba kisu chako kidogo kutoka nyumbani, ukiweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Osheni kila tunda kwa maji salama yanayotiririka, mkilisugua kwa mkono au brashi safi kwa sekunde 20 hadi 30, hata kama mtalimenya, kwa sababu ile niliyoeleza ya kisu kubeba uchafu wa nje. Lifuteni kwa karatasi safi, maana kufuta nako hupunguza wadudu. Kateni kisehemu cha kikonyo na mkitupe, menyeni, suuzeni kisu, ndipo mkate vipande. Msitumie sabuni wala dawa ya kuoshea vyombo kwenye tunda, kwa kuwa ganda lina vinyweleo na hufyonza. Kilichokatwa kiliwe ndani ya saa moja au mbili, au kiingie kwenye friji.

Maji salama ni yale ya chupa iliyofungwa, au yaliyochemka na kutokota kwa dakika moja kamili; mkiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika tatu. Kuosha matunda kwa maji yanayotia shaka ni kuyachafua upya.

Sasa siki na chumvi za ndugu yako. Maji ya chumvi husaidia kutoa viwavi na vidudu vidogo kwenye kabichi, lakini bakteria wanaoharisha hayawafanyi kitu cha maana. Siki hupunguza baadhi yao, bila uhakika, kutegemea ukali wake na muda wa kuloweka. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni klorini: dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, ile wengi huiita jiki. Kama lebo inasema asilimia 5, mililita 2 kwenye lita moja ya maji hutoa sehemu 100 kwa milioni. Suuzeni tope kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa bakteria. Loweka dakika 5 hadi 10, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Msichanganye kamwe klorini na siki, wala kufuatisha moja juu ya nyingine ndani ya beseni moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu, na kwenye jiko dogo la nyumba ya wageni mtoto anaweza kuumia vibaya.

Hata klorini ina mwisho wake. Vimelea kama Cryptosporidium na Cyclospora huistahimili. Kwa sababu hiyo majani ya saladi, giligilani mbichi na stroberi, vitu vyenye mikunjo visivyomenyeka, ningeviacha kabisa kwa wiki hizo mbili. Mbegu zilizochipushwa ni hatari zaidi, kwa kuwa huchipua kwenye joto na unyevu uleule unaolea bakteria, nao wanaweza kuwa ndani ya mbegu yenyewe. Mwaka 2011 machipukizi ya uwatu nchini Ujerumani yaliwaletea ugonjwa maelfu ya watu na kuua zaidi ya 50. Nyanya, karoti na mboga zozote mnazozitamani pikeni mpaka zitoe mvuke, mzile zikiwa moto. Ndizi, chungwa, embe, parachichi, nanasi, papai na tikiti zima mlilolikata wenyewe hamna haja ya kuyaogopa. Dafu ni zuri pia, ila mwombe muuzaji afute panga, na mnywe moja kwa moja kwa mrija mpya uliofungwa, si kwenye glasi iliyochovywa ndooni. Juisi ya kukamuliwa barabarani iacheni: kuna maji, barafu, mashine na glasi, na hamuwezi kukagua hata kimoja.

Nina neno la pekee kuhusu mama yako, ambalo naona hakuna aliyekugusia. Tumbo lenye afya, likiwa tupu, huwa na asidi kali ya pH 1 hadi 3, na asidi hiyo huua sehemu kubwa ya bakteria tunaowameza bila kujua. Omeprazole kazi yake ni kuzima pampu zinazotoa asidi. Kwa mtu anayeimeza kila siku, bakteria wachache wasiomdhuru mwingine wanaweza kupita wakiwa hai hadi utumbo. Asiiache dawa kwa sababu ya safari. Kama ana vidonda au aliwahi kutokwa damu tumboni, kuiacha ni hatari kubwa kuliko kuharisha. Lakini mpelekeni kwa daktari wake kabla ya kuondoka, aulizwe kama bado anaihitaji na kwa kipimo kile kile. Na katika kanuni hizi yeye apewe toleo kali zaidi: matunda ya kumenya tu, yaliyofunguliwa wakati huohuo.

Antibiotiki ya kila asubuhi sikubaliani nayo. Haina uwezo wowote juu ya virusi, na bakteria wa sehemu nyingi wameshakuwa sugu kwa dawa za zamani. Campylobacter, kwa mfano, mara nyingi haisikii tena ciprofloxacin. Antibiotiki huua pia bakteria wema wanaolinda utumbo na kuwaachia nafasi wale sugu. Tafiti za wasafiri zimeonyesha kwamba waliotumia antibiotiki safarini hurudi nyumbani na bakteria sugu tumboni mara nyingi kuliko wasiotumia. Kuna wagonjwa wachache, wenye kinga dhaifu sana, ambao daktari huwaandikia kwa makusudi. Ninyi hamkuniambia lolote linalowaweka kwenye kundi hilo. Chanjo ndiyo kinga ya kweli. Muda mnao: kachanjweni homa ya ini aina ya A na homa ya matumbo angalau wiki mbili kabla ya safari, baada ya kituo cha chanjo kuangalia umri wa mtoto na dawa za mama.

Pamoja na uangalifu wote, kuharisha kunaweza kutokea. Bebeni pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zisizopungua sita. Someni pakiti kama ni ya lita moja au ya mililita 200, kwa sababu kukosea hapa huharibu dawa nzima: ikiwa nzito huvuta maji kutoka mwilini, ikiwa nyepesi haitoshi. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita bapa vya sukari na nusu kijiko bapa cha chumvi zitafaa. Mchanganyiko utumike ndani ya saa 24. Mtoto wako apewe mililita 100 hadi 200 kila baada ya kuharisha, kwa kijiko au funda ndogondogo. Akitapika, subirini dakika kumi, muanze tena taratibu zaidi. Zinki ya miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, humfupishia ugonjwa. Aendelee kula chakula chake.

Loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, asipewe mtoto huyo kabisa. Mtu mzima anaweza kuitumia akilazimika kusafiri, vidonge viwili vya miligramu 2 mwanzoni na kimoja kila baada ya kuharisha, visizidi vinne kwa siku, lakini asiiguse akiwa na homa au damu kwenye choo. Dawa hiyo hufunga utumbo ambao wakati huo unajaribu kutoa sumu.

Nendeni hospitali siku hiyohiyo mkiona damu kwenye choo, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kutapika kila kinachonywewa, kinyesi cha maji kama ya mchele kinachotoka mfululizo, au tumbo linalouma bila kuachia. Kwa mtoto msisubiri akilegea, macho yakizama, akilia bila machozi, au akikaa saa sita bila kukojoa. Kwa mama yako, kizunguzungu akisimama, kuchanganyikiwa au mkojo kuwa haba na mweusi ni dalili za kutosha. Kama anameza pia dawa za presha au za kisukari, apigiwe simu daktari wake mapema, kwa kuwa baadhi yake hupaswa kusimamishwa kwa muda mwili unapopoteza maji. Kuharisha kunakopita siku 14 kunahitaji kipimo cha choo cha kutafuta vimelea.

Mkisharudi nyumbani, msisahau mlikokuwa. Homa ya matumbo inaweza kujitokeza hadi mwezi mmoja baadaye, na homa ya ini aina ya A hadi siku 50. Yeyote atakayepata homa, au macho kuwa manjano, amwambie daktari nchi mliyotembelea kabla ya kuulizwa. Homa baada ya kutoka nchi yenye malaria ipimwe malaria siku hiyo, hata kama tumbo nalo linasumbua.

Kuhusu maembe kwenye begi, jibu langu ni hapana, kuleni yote hukohuko. Embe linaloonekana zima linaweza kuwa na mayai ya nzi wa matunda, na mzigo wa abiria mmoja unaweza kuingiza mdudu atakayeharibu mashamba ya nchi nzima. Nchi nyingi hukataza au hudai cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya nchi mnakotoka. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu tarehe 14 Desemba 2019 unadai cheti hicho kwa karibu matunda yote mabichi ya abiria, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Angalieni kanuni za nchi mnayoingia, pamoja na zile mnazopitia mkibadilisha ndege. Mkigundua mna tunda begini, litajeni kwenye fomu au kwa ofisa kabla hamjakaguliwa. Lililotajwa kwa kawaida huchukuliwa na kuteketezwa tu, na lililofichwa ndilo linalowaletea watu faini.